ROBOTI HUYU AU ROBOTI HII? KUISOMA UPYA R.U.R. YA KAREL ČAPEK

Tamthilia ya R.U.R. ina bahati mbaya moja: inajulikana kuliko inavyosomwa. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili atakuambia kwamba neno roboti limetoka humo, kwamba mitambo inawaasi watu na kuwaua, na kwamba funzo lake ni kutoiamini teknolojia kupita kiasi. Akishasema hayo anafunga daftari. Hata sisi tunaojiita wahakiki tumeridhika na muhtasari huo, tukawa tunaurithishana mwaka hadi mwaka kama maswali ya mitihani iliyopita. Katika makala haya nataka kubishana nao. Nitadai kwamba R.U.R. haihusu mitambo hata kidogo. Inahusu kazi, na ndani ya kazi inauliza swali moja la kikatili: katika wale wanaofanya kazi, nani anahesabiwa kuwa mtu? Nitadai pia, na hili najua litawachekesha baadhi ya walimu wetu wa fasihi, kwamba swali hilo huonekana vizuri zaidi mtu anapojaribu kuitia tamthilia yenyewe katika Kiswahili, kwa sababu sarufi yetu haimwachii mtu pa kujificha.

Kwanza tuwekane sawa. Karel Čapek, aliyezaliwa mwaka 1890, aliiandika tamthilia hii mwaka 1920, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imekwisha miaka miwili tu nyuma na nchi ya Chekoslovakia ikiwa bado kitoto kichanga. Ilichezwa katika Ukumbi wa Taifa wa Prague tarehe 25 Januari 1921, na kufikia Oktoba 1922 ilikuwa imeshavuka bahari mpaka New York. Neno roboti hakulibuni yeye. Alieleza mwenyewe gazetini mwaka 1933 kwamba kwanza alifikiria neno lililojengwa juu ya mzizi wa Kilatini wenye maana ya kazi, akaliona lina harufu ya vitabu mno, akamwendea kaka yake Josef, ambaye alikuwa mchoraji. Josef alikuwa anachora, brashi mdomoni, hana habari na mtu. Akamjibu kwa mkato tu kwamba awaite roboti.

Sasa, Josef hakulitoa neno hewani. Katika Kicheki robota ni kazi ya lazima ambayo wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya bwana walimfanyia bwana huyo bila ujira. Mwaka 1775 Malkia Maria Theresa alitoa amri ya kuiwekea mipaka, isizidi siku tatu kwa juma. Ilifutwa mwaka 1848. Kwa hiyo Čapek alipokuwa mtoto walikuwapo bado wazee ambao miili yao iliikumbuka.

Hivi jamani, Kiswahili hakina neno la kitu hicho? Kinalo. Ni shokoa. Fungua kamusi utalikuta limekaa pale, la zamani, limesahaulika: kazi ya kushurutishwa isiyo na malipo. Roboti, kwa tafsiri ya maana, ni mtu wa shokoa. Na msomaji wa Kilwa au Lindi, ambaye mababu zake walipelekwa kwa viboko kwenye mashamba ya pamba ya Wajerumani hadi wakachoka na kuanza vita vya Majimaji mwaka 1905, hahitaji kuelezwa na Mcheki yeyote shokoa ni nini. Sisi tumelipokea neno roboti kupitia Kiingereza, likiwa limeshaoshwa, halina jasho tena wala kiboko, linang'aa kama bati jipya. Na tukaingia darasani kufundishana kwamba ni neno la mashine.

Fauka ya hayo, maroboti wa Čapek si wa chuma. Hapa ndipo vikundi vingi vya maigizo huikosa tamthilia kabla hata pazia halijafunguka, pale waigizaji wanapotoka na maboksi ya bati vichwani wakitembea kama miguu haina magoti. Katika kiwanda cha Rossum kuna mabeseni makubwa ya kukandia kitu kama unga, ambacho ndicho nyama. Kuna mahali ambapo mishipa husokotwa kama kamba. Maroboti hawa ni wa nyama, wanavaa kama watu, wanasema kama watu. Ukimweka mmoja wao kwenye daladala hakuna atakayegeuka kumtazama. Čapek alitaka hivyo. Jina Rossum lenyewe limefinyangwa kutoka neno la Kicheki lenye maana ya akili, ndiyo kusema hawa ni watu wa shokoa waliotengenezwa na Bwana Akili.

Nenda sasa kwenye sehemu ya kwanza, ambayo kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko zote. Helena, binti wa Rais, anafika kisiwani kilipo kiwanda. Ametumwa na chama cha kutetea haki za maroboti. Mkurugenzi mkuu, Domin, anamtambulisha kwa Sulla, karani wa kupiga chapa. Sulla ni msichana mwenye adabu, anajua lugha kadhaa, na anasema kwa kinywa chake kuwa yeye ni roboti. Helena anakataa katakata. Anaona binti wa watu amelazimishwa kusema uongo ili kampuni ipate kujitangaza. Muda mfupi baadaye wanaingia wakurugenzi wengine, wanaume wa damu kabisa, mmoja mhandisi, mwingine daktari, mwingine mhasibu, na Helena anadhani hao ndio maroboti! Anaanza kuwahutubia wajikomboe. Watazamaji hucheka, na wana haki ya kucheka, lakini kicheko kikipoa linabaki jambo zito. Huyu amekuja kutetea tabaka asiloweza kulitambua kwa macho. Alama pekee ya kumjulisha nani roboti na nani mkurugenzi ni kwamba mmoja anaagizwa na mwingine anaagiza.

Nilipojaribu na wenzangu kuitafsiri sehemu hii kwa ajili ya kikundi chetu cha maigizo, tulikwama kwenye neno moja dogo. Tuseme "roboti huyu" au "roboti hii"? Kiingereza kinaweza kukwepa kwa muda mrefu tu. Kiswahili kinakudai kwenye kila kivumishi, kila kitenzi, kila kiunganishi. Amekwenda au imekwenda? Wangu au yangu? Mwenzetu mmoja wa isimu alisema ni ngeli ya mashine, hakuna mjadala, kama redio na trekta. Mwingine akasema kitu kinachosema "mimi" hakiwezi kuwa redio. (Redio nayo inasema "mimi", alijibiwa, na semina ikaharibika kwa dakika kumi.) Mwishowe tukagundua kwamba ubishi wetu ndio ubishi wa jukwaani. Domin anasema "hii". Helena anasema "huyu". Na Sulla mwenyewe anasema "mimi ni roboti", katika nafsi ya kwanza, ambayo haina ngeli: ukisema "ninakwenda", kile kiambishi ni- hakiulizi kama wewe ni mtu au jembe. Amejitaja, lakini hakuna anayemsikia, kwa kuwa wawili wale wamezama katika kubishana juu ya nafsi ya tatu.

Nilifurahi nilipogundua kwamba Kicheki nacho kina kitu cha namna hiyo. Wingi wa neno hili una sura mbili: roboti kwa viumbe hai, na roboty kwa vyombo. Mashine ya jikoni ya kukandia unga wa keki, huko kwao, inapata sura ya pili. Čapek kwenye jina la tamthilia yake ameandika sura ya kwanza. Mtunzi ameshapiga kura kabla Domin hajafungua mdomo. Ndiyo maana katika makala haya nimekuwa nikiandika "maroboti hawa" na sitaacha.

Lakini Kiswahili kinakwenda mbali zaidi. Hebu tulitazame neno kibarua. Kibarua ni kijibarua, kikaratasi. Katika Unguja na mwambao wa karne ya 19, watumwa waliokodishwa kwa kazi za kutwa walipewa vikaratasi vya kazi, na taratibu mtu akaanza kuitwa kwa jina la karatasi yake. Leo neno ni moja kwa mtu na kwa kazi. "Kibarua huyu" ni mtu. "Kibarua hiki" ni ajira, na ndicho ambacho kikiisha tunasema kimeota nyasi. Kinachomtenga mtu na kazi yake ni upatanisho wa kisarufi tu. Ongeza manamba, wale wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, waliokusanywa mikoani na kupelekwa Tanga na Morogoro: manamba ni namba. Katika shamba la mkonge mashine ya kuchakata majani ilikuwa na jina, iliitwa korona. Mtu aliyeilisha majani ndiye aliyepewa namba. Ongeza kuli. Ongeza boi. Kwa Wakenya ongeza kipande, kile cheti ambacho kuanzia mwaka 1920 mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea nacho, mara nyingi kikining'inia shingoni ndani ya kikopo cha bati. Lugha yetu imejaa maroboti tangu zamani. Hatukuwa na haja ya kungoja hadi wafike wa kuungwa kwa nyaya.

Mwenzangu mmoja alinirukia hapa. Alidai ninaburura tamthilia ya Ulaya kwa kamba hadi shamba la mkonge, na kwamba Čapek hakuwafikiria Waafrika alipoandika. Sawa, hakuwafikiria. Lakini alimfikiria mtu wa robota, na mtu wa robota na mtu wa shokoa hawahitaji kutambulishwa kwa pasipoti.

Tumgeukie Rossum mdogo, kwani humo ndimo falsafa ya kiwanda ilimo. Rossum mzee alikuwa mwendawazimu wa aina ya zamani: alitaka kutengeneza mtu ili athibitishe kuwa Mungu hahitajiki. Alihangaika miaka akatoa kiumbe kilichoishi siku chache. Mpwa wake, ambaye alikuwa mhandisi, aliingia maabara akaona upuuzi. Mtu, kwa hesabu yake, ni kiumbe kinachofurahi, kinachopiga fidla, kinachotaka kwenda kutembea jioni, kinachohitaji mambo chungu nzima ambayo hayamsaidii mtu kufuma nguo wala kujumlisha hesabu. Basi akayatoa yote. Akabakiza kazi. Hii si ndoto ya mtunzi. Frederick Taylor alikuwa ameshachapisha mwaka 1911 kitabu chake cha kanuni za kuendesha kazi kwa vipimo, saa mkononi, kila mjongeo wa mfanyakazi ukihesabiwa. Mwaka 1913 Henry Ford aliweka mstari wa kuunganishia magari unaotembea wenyewe katika kiwanda cha Highland Park, Michigan, na muda wa kuunganisha fremu ya gari moja ukashuka kutoka saa kumi na mbili na nusu hadi kama saa moja na nusu. Taylor na Ford waliuliza namna ya kumfanya mtu afanye kazi kama mashine. Rossum mdogo alichukua hatua moja tu zaidi: kwa nini tusimwache mtu nje kabisa?

Na kinachonifanya niiheshimu tamthilia hii ni kwamba Domin si mwovu. Waandishi wetu wengi wakitaka kumchora bepari humpa kitambi, sigara na kucheka kwa kejeli. Domin ana ndoto, tena nzuri. Anasema katika miaka kumi bidhaa zitakuwa nyingi hata zisiwe na bei. Hakutakuwa na maskini. Hakuna atakayeharibu mwili wake migodini. Binadamu ataishi ili ajikamilishe. Nani kati yetu hajawahi kuiota ndoto hiyo? Mama anayetwanga alfajiri, ukimwambia kuna mashine, hatakuuliza juu ya hadhi ya kinu. Mhasibu Busman ndiye anayetoa bei: roboti mmoja, pamoja na chakula chake, hagharimu hata senti moja kwa saa. Na bei hiyo inaitekeleza ndoto. Wafanyakazi duniani wanakosa kazi, wanaasi, wanawavunja maroboti. Matajiri wanawapa maroboti bunduki wawazime wafanyakazi. Kisha serikali zinaona ah, kumbe ni askari wazuri, zinawatumia kupigana vita vyao. Mambo haya Čapek anayapitisha harakaharaka, mengine kama habari za magazetini tu, na nafikiri aliona yanajulikana.

Anayempinga Domin ni Alquist, mjenzi. Yeye anapenda kushika mwiko na matofali, na anasema kulikuwa na uzuri katika kutumika, na aina ya wema katika uchovu. Wahakiki wengi humchukua Alquist kuwa ndiye sauti ya mtunzi na wanampigia makofi. Mimi simpigii. Alquist anajenga kwa sababu anapenda. Hakuna nyapara nyuma yake, na akichoka anaweka mwiko chini. Kuusifu uchovu ni rahisi kwa mtu ambaye uchovu wake ni wa hiari. Sisi tuliokulia kwenye kaulimbiu ya TANU ya "Uhuru na Kazi" tunapaswa kuwa waangalifu hapa: maneno hayo yaliwekwa pamoja kwa sababu kila moja lilihitaji kulindwa na mwenzake. Ukiitaja kazi bila uhuru unarudi kwenye shokoa, hata uiimbie nyimbo gani.

Ila kuna jambo Alquist analipata, na maroboti ndio wanaompa. Wanapovamia na kuua kila mtu kisiwani, wanamwacha yeye peke yake, na sababu wanayoitoa ni kwamba anafanya kazi kwa mikono kama wao. Hawakumtazama rangi wala damu. Walitazama mikono. Busman, kinyume chake, alikuwa amekwenda kwenye ua na mamilioni ya fedha kujaribu kuwanunua, akafa kwa umeme wa senyenge. Vifo hivi viwili, kimoja kilichotokea na kimoja kilichoahirishwa, vinasema juu ya tabaka kuliko hotuba zote za Helena.

Kabla ya maasi hayo kuna ugonjwa, na ugonjwa huu ndio unaonikaa rohoni. Mara mojamoja, bila sababu inayoonekana, roboti anatupa chini alichoshika, anasimama, anasaga meno. Kiwandani wanauita hitilafu, kasoro ya mwili, na anayepatwa nao anapelekwa kwenye kinu akasagwe. Helena anauliza kama si roho. Wanamcheka. Pembeni ya hapo daktari Gall anaeleza kwamba anajaribu kuwatia maroboti maumivu. Si kwa huruma, la hasha! Maroboti wasiosikia maumivu huvunja vidole na kuingiza mikono kwenye mashine bila kujali, na hiyo ni hasara kwa kampuni. Soma mambo haya mawili kwa pamoja. Maumivu yanayolinda mali yanatengenezwa kwa makusudi. Maumivu yanayomlinda mwenye kuumwa yanaitwa hitilafu. Tumezoea katika uhakiki wetu kulitumia neno ukengeushi kila mahali hadi limechakaa. Hapa lingefaa kabisa, na Čapek hakulihitaji. Alitosheka na meno yanayosagana.

Halafu kuna mpango wa Domin wakati maji yamemfika shingoni. Kosa letu, anasema, ni kutengeneza maroboti wa aina moja dunia nzima. Tuwe na viwanda kila nchi. Tutengeneze maroboti wa rangi mbalimbali, nywele mbalimbali, lugha mbalimbali, wasielewane, na tuwalee kidogo ili roboti wa alama hii amchukie roboti wa alama ile hadi kaburini. Msomaji wa Afrika Mashariki akifika hapa hana budi kukiweka kitabu chini akapumua. Huyu ni mwandishi wa Prague, mwaka 1920, anaeleza kwa mistari michache ile siasa ya kugawa na kutawala ambayo sisi tuliijua kwa majina ya wilaya na makabila.

Ndiyo sababu napendekeza R.U.R. isomwe sambamba na Kuli ya Adam Shafi, iliyotolewa mwaka 1979. Shafi naye anashika kazi ya kubeba, anashika bandari ya Unguja, na anaupeleka mkasa wake hadi kwenye mgomo wa mwaka 1948. Tofauti iko katika kile kinachomtangulia mgomaji. Rashidi wa Shafi ana wazazi, ana mtaa, ana kumbukumbu ya nani alimbeba alipokuwa mdogo. Analijua jina la anayemwonea. Maroboti wa Čapek hawakuzaliwa, hawakuimbiwa, hawana hata methali moja ya kutolea mfano. Hata majina yao ni ya dharau: Domin amewaita Marius na Sulla akidhani walikuwa wapenzi wa zamani, kumbe ni majemadari wa Roma waliopigana, na ni Helena anayemsahihisha. (Crusoe naye alimwita mwenzake Ijumaa.) Kwa hiyo wanapogoma hawana cha kurudia ila kile walichofundishwa na mabwana, yaani kuagiza na kuua. Tangazo lao kwa maroboti wa dunia linaigiza wito wa Marx na Engels wa mwaka 1848, mwaka uleule robota ilipofutwa, lakini ni wito usio na kesho ndani yake. Sidhani Čapek aliandika hivyo kwa bahati tu. Hakuwa mkomunisti, na mwaka 1924 aliandika makala nzima ya kueleza kwa nini si mkomunisti. Wapo wenzetu watakaomtupa kwa hilo tu. Mimi naona Shafi anajibu swali ambalo Čapek aliliuliza akashindwa kulijibu: mgomaji anapata wapi utu wa kugomea?

Maana Čapek kweli ameshindwa, na haifai tumfiche kwa sababu ni maarufu. Helena, aliyeanza kwa ujasiri, anageuzwa mke wa Domin kwa kasi ya kushangaza, na tunapomkuta tena miaka kumi imepita na kazi yake kubwa ni kulia. Yeye ndiye anayeichoma siri ya Rossum, tendo kubwa kuliko lolote ndani ya tamthilia, lakini mtunzi anampa sababu za mtoto. Wanawake wa dunia wameacha kuzaa, na jambo hili linasemwa kama adhabu, wala hakuna mwanamke hata mmoja anayeulizwa analionaje. Yaya Nana anaruhusiwa kusema ukweli kwa kuwa ni mtumishi, na ukweli wa watumishi jukwaani huwa ni kuchekesha. Mwisho wake ndio unaniudhi zaidi. Roboti Primus na roboti msichana anayeitwa Helena kama bibi wanapendana, kila mmoja yuko tayari kufa badala ya mwenzake, na Alquist anawaachia waende zao kama Adamu na Hawa. Watu hufuta machozi. Mimi najiuliza: ile habari ya senti moja kwa saa imekwenda wapi? Swali la kazi limefungwa kwa jibu la mapenzi. Mtu akikuuliza ujira wake ukamwimbia wimbo wa harusi, hujamlipa.

Pamoja na hayo sijaona maandishi yanayoeleza dunia ya leo vizuri kama ile sehemu ya kwanza. ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 watu walisema roboti amefika, anaandika mashairi, anajibu mitihani (nasi tunajua ya nani). Januari 2023 jarida la Time likaandika kwamba ili mtambo huo ufundishwe kutambua maneno machafu, wafanyakazi wa Nairobi walikuwa wamekaa wakisoma na kuwekea alama maandishi ya ukatili na udhalilishaji wa kutisha, kwa ujira wa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi za namna hiyo walikutana Nairobi na kupiga kura ya kuanzisha chama chao. Angalia lilivyogeuka kosa la Helena. Yeye alimwona Sulla akaapa kuwa ni mtu. Sisi tumeonyeshwa kioo tukaapa kuwa ni mashine, na nyuma yake kumbe alikuwako kibarua, tena wa ngeli ya A-WA, anayepanda matatu kurudi nyumbani usiku na picha zile kichwani. Maumivu yake yalilinda mali. Kama alisaga meno, sina shaka liko neno la kiufundi la kuyaitia.

Tafsiri yetu haijakwisha. Mstari unaotushinda hadi sasa ni mfupi. Domin, akitaka kumwonyesha Helena kwamba Sulla si mtu, anamwita roboti Marius na kumuuliza itakuwaje Sulla akipasuliwa. Marius anajibu, bila huzuni, kwamba mwendo wake utakoma na atapelekwa kwenye kinu. Kiswahili hakikubali Marius ajibu hivyo bila kuchagua. Akisema "itaacha kutembea", anamzungumzia mwenzake kwa mdomo wa Domin. Akisema "ataacha kutembea", amemwita mtu mbele ya mkurugenzi, tena bila kujua kwamba amefanya hivyo, na Domin, akiwa anajivunia jibu hilo, haisikii ile a-. Wenzangu watatu wanataka i-, kwa hoja kwamba maasi bado yako mbali na mwigizaji asiwahi. Mimi nimeandika a- kwenye nakala yangu, kwa wino, na mazoezi ni Alhamisi.